Mtoto Aitwaye Mzito

(Mazungumzo yafuatayo yaliandaliwa kwa ajili ya mkutano wa walimu, wazazi na wajumbe wa kamati za shule.)



Katika kila shule ya nchi hii yupo mtoto anayejulikana kwa jina ambalo wazazi wake hawakumpa. Pengine huitwa mzito, pengine mvivu, na iwapo ni mtoto ambaye mikono na miguu yake haitulii, huitwa mtundu asiyesikia. Jina hilo huanza kama mzaha wa wenzake, kisha mwalimu akalichukua, mzazi akaliamini, na mwishowe mtoto mwenyewe akalikubali. Siku anapolikubali ndiyo siku shule inapompoteza, hata kama bado anaitika kila asubuhi majina yanapoitwa.

Mazungumzo haya yanamhusu mtoto huyo. Yanamhusu pia mwenzake wa sekondari ambaye alikuwa hodari hadi kidato cha pili, kisha akanyamaza, akaacha kula na wenzake, akawa halali usiku, na maendeleo yake yakaporomoka ndani ya muhula mmoja bila ya mtu kumwuliza kulikoni. Wawili hao hawana shida moja. Wa kwanza pengine hana ugonjwa wowote, ila ubongo wake unafanya kazi kwa njia isiyo ya wengi; wa pili anaumwa, na maumivu yake yanatibika. Lakini wote wawili hupata jibu lile lile, nalo ni kiboko, au kejeli, au kimya.

Ni dhahiri kwamba jambo hili si la watoto wachache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili, na kwamba theluthi ya matatizo hayo huanza kabla mtu hajatimiza miaka 14, na nusu kabla ya miaka 18. Kama uwiano huo ungekuwa sawa kila mahali, basi darasa la wanafunzi 70 lingekuwa na wanafunzi 10 wa aina hiyo. Kwa takwimu za shirika hilo za mwaka 2021, kujiua ni sababu ya tatu ya vifo vya watu wenye umri wa miaka 15 hadi 29 duniani. Umri huo ni umri wa mwanafunzi wa sekondari, wa chuo, na wa kijana aliyemaliza masomo juzi.

Kwa muda mrefu habari za akili zilihesabiwa kuwa ni habari za hospitali peke yake. Serikali ya kikoloni ya Kiingereza ilifungua hospitali ya Mirembe kule Dodoma mwaka 1927, na kwa miaka mingi jina la Mirembe likawa tusi midomoni mwa watu. Aliyetajiwa Mirembe alijua amehesabiwa kuwa hafai tena kukaa na wenzake. Fikra hiyo, kwamba mtu ama ni mzima kabisa ama ni wa kufungiwa mbali, ndiyo iliyorithiwa na shule. Kati ya uzima na Mirembe shule haikuona kitu, na watoto wengi wanaohitaji msaada wako katikati hapo.

Hata hivyo, historia ya nchi hii ina tukio moja ambalo lingetosha kuwafundisha watu mapema. Tarehe 30 Januari 1962, miezi miwili kasoro siku chache baada ya Uhuru wa Tanganyika, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni huko Kashasha, karibu na Bukoba, walianza kucheka bila kuweza kujizuia. Kicheko hicho kilichanganyika na kilio na wasiwasi, na kikawaenea wanafunzi 95 kati ya 159 waliokuwapo. Wengine kiliwashika kwa saa chache, wengine kwa siku kadhaa. Tarehe 18 Machi shule ilifungwa. Wasichana waliporudi vijijini kwao, hali hiyo ilizuka katika shule na vijiji vingine. Madaktari wawili, Rankin na Philip, walichunguza damu na chakula, wasione sumu wala vijidudu, na taarifa yao ikachapishwa mwaka 1963.

Duniani tukio hilo husimuliwa kama kichekesho. Lakini likitazamwa vizuri halichekeshi. Kitu kimoja kilichoonekana ni kwamba walimu hawakupatwa. Waliopatwa ni wanafunzi. Wachunguzi wa baadaye wameeleza kwamba kicheko kile kilikuwa namna ya miili ya watoto kusema mambo ambayo vinywa havikuwa na ruhusa ya kuyasema. Walikuwa wasichana wadogo, mbali na mama zao, chini ya amri kali, katika siku ambazo nchi nzima ilikuwa ikibadilika na matumaini makubwa yakiwa yamewekwa juu ya kila aliyebahatika kusoma. Hadi leo husikika habari za wasichana wanaoanguka mabwenini na kupiga mayowe, na mara nyingi la kwanza linalofanywa ni kutafuta mchawi. Mchawi hutafutwa nje ya uzio, na ndani ya uzio hakuna anayeuliza wasichana wanalala saa ngapi, wanakula nini, na wanamwogopa nani.

Swali la mwisho hilo ni zito kuliko yote. Uchunguzi wa taifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanywa Tanzania mwaka 2009, ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana mmoja kati ya 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kijinsia kabla ya kutimiza miaka 18. Mtoto mwenye siri ya namna hiyo moyoni hawezi kukaa akasikiliza somo la Jiografia kama mwenzake. Akisinzia, akisahau, akikasirika upesi, kosa si la akili yake.

Pamoja na hao wako wale wenye ubongo wa namna nyingine. Hapa lugha yenyewe ya nchi hii inaficha jambo ambalo walimu wengi hawajalitambua. Iko hali iitwayo disleksia, ambayo humfanya mtu apate taabu kuunganisha herufi na sauti, ingawa akili yake ni timamu na pengine ni kali kuliko ya wenzake. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Ba ni ba kila mahali, siku zote. Kwa sababu hiyo mtoto mwenye disleksia hujikokota, husoma polepole, lakini hatimaye husoma. Mwalimu humwona mzito kidogo, basi. Anaingia kidato cha kwanza, na karibu masomo yote yanageuka kuwa ya Kiingereza, lugha ambayo tahajia yake haina uaminifu, kwani herufi zile zile husomwa hivi katika neno moja na vile katika neno jingine. Hapo mtoto huyo anaanguka kama mtu aliyeondolewa ngazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 uliwalinganisha watu wenye disleksia wa Italia, Ufaransa na Uingereza. Hitilafu iliyoonekana katika ubongo ilikuwa ni moja kwa wote, lakini Waitalia, ambao lugha yao huandikwa kama inavyotamkwa, walisoma vizuri zaidi kuliko wengine. Kwa hiyo mwalimu wa kidato cha kwanza anayesema kwamba huyu alifika hapa kwa bahati, hana budi afikiri mara mbili. Huenda mtoto huyo alifika hapo kwa jasho kuliko darasa zima.

Vivyo hivyo kwa mtoto mwenye usonji, ambaye kelele za darasa humchoma kama miiba na mabadiliko ya ghafla ya ratiba humvuruga. Na kwa yule ambaye umakini wake hautulii, anayeinuka kila dakika kumi si kwa kudharau, bali kwa kuwa mwili wake hauwezi vinginevyo. Na vivyo hivyo kwa mwenye kifafa. Daktari Louise Jilek-Aall, aliyeanzisha kliniki ya kifafa kule Mahenge mwaka 1960, aliwakuta wagonjwa waliotengwa kwa sababu watu waliamini kwamba mate ya anayeanguka huambukiza. Waliopata dawa walipata nafuu, na baadhi yao wakarudi kuishi na kufanya kazi na wenzao. Mzigo mzito kuliko ugonjwa ulikuwa kutengwa, na kutengwa hakutibiwi kwa vidonge.

Ndugu walimu, likija suala la kiboko hakuna budi kusema wazi. Kanuni za mwaka 2002 ziliweka kwamba viboko visizidi vinne, kwamba vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na kwamba adhabu iandikwe kitabuni pamoja na sababu yake. Walimu wanajua, na wazazi wanajua, ni shule ngapi huvuka mpaka huo kabla ya saa nne asubuhi. Lakini hata kiboko kimoja kilichoandikwa kitabuni hakiwezi kumfundisha kusoma mtoto ambaye macho yake yanaziona herufi na ubongo wake haukubali kuziunganisha. Hakiwezi kumfanya mwenye huzuni awe na furaha. Wako wanaojitetea kwa methali ya samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo ni ya kweli, ila inasema kukunja, haisemi kuvunja. Na mvuvi mwenye ujuzi hukunja kwa mkono, taratibu, akimtazama samaki. Utafiti uliofanywa katika shule za sekondari za umma nchini Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba walimu waliopewa mafunzo ya siku chache tu juu ya kuongoza wanafunzi bila ukatili walipunguza matumizi ya nguvu kuliko wenzao ambao hawakupewa. Walimu hao hawakuzaliwa wapole. Walionyeshwa njia nyingine, wakaifuata.

Sasa liulizwe lile ambalo kila mwalimu mwenye darasa lililofurika analo moyoni: yafanyike nini, na kwa fedha ipi? Jibu la kwanza ni kwamba mengi ya haya hayahitaji fedha.

Kwanza, kabla ya mtoto kuitwa mzito, yachunguzwe macho yake na masikio yake, na iulizwe kama alikula asubuhi. Asogezwe dawati la mbele. Wako watoto walioitwa wajinga mwaka mzima kumbe hawauoni ubao.

Pili, mtoto ambaye kusoma kunamshinda asisimamishwe ghafla kusoma kwa sauti mbele ya wenzake. Aruhusiwe kujibu kwa mdomo yale anayoyajua. Maagizo yawe mafupi, moja baada ya jingine, na yaandikwe ubaoni. Kazi ndefu igawanywe vipande. Yule asiyetulia apewe kazi ya kufuta ubao, kugawa madaftari na kuchota maji, ili mwili wake upate nafasi halali ya kusogea. Mwenye usonji aambiwe mapema kwamba kesho ratiba itabadilika, na apatikane mahali pa kimya, hata kama ni chini ya mwembe, anapoweza kukaa dakika kumi kelele zinapomzidi. Mwenye kifafa akianguka, wenzake wafundishwe kumlaza ubavu, kuondoa vitu vya hatari karibu naye, wasimshike kwa nguvu, wala wasimtie kitu chochote mdomoni. Na degedege ikizidi dakika tano, akimbizwe hospitali.

Tatu, mwalimu wa malezi na ushauri nasaha asiwe yule yule wa nidhamu. Mtu mmoja hawezi kushika fimbo kwa mkono wa kulia na kutega sikio la kushoto, kisha mtoto akamwamini. Achaguliwe kwa sababu wanafunzi humwendea wenyewe, awe na saa inayojulikana na mahali pasipo na mlango wazi wa watu kuchungulia. Siri ya mtoto itunzwe. Lakini mtoto aelezwe tangu mwanzo kwamba siri inayohusu uhai wake, au ukatili anaofanyiwa, haiwezi kubaki hapo. Hiyo itafikishwa kwa afisa ustawi wa jamii, na pia iko namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, ambayo hupigwa bila malipo.

Nne, mwanafunzi anaposema kwamba amechoka kuishi, asiambiwe aache upuuzi. Wengi huogopa kumwuliza waziwazi kama anafikiri kujiua, wakidhani swali litampa wazo. Wataalamu wamethibitisha kwamba sivyo. Swali la upole humfungulia mlango. Asiachwe peke yake, wazazi waitwe, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Wala asitishwe kwa polisi. Sheria za adhabu zilizoletwa na Waingereza katika makoloni yao zilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Uingereza yenyewe iliifuta sheria hiyo mwaka 1961, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha namna hiyo nchini humo kinapingana na katiba. Mtu aliyefika ukingoni anahitaji mkono wa kumvuta, na pingu hazimvuti mtu.

Tano, mitihani. Baraza la Mitihani, lililoanzishwa mwaka 1973, limekuwa likiwaandalia watahiniwa wenye uoni hafifu maandishi makubwa na kuwaongezea muda. Hakuna aliyesema kwamba huo ni upendeleo. Kwa hiyo shule zinazomtambua mtoto mwenye disleksia mapema, zikaandika kumbukumbu zake na kumpeleka kupimwa, zinamwekea msingi wa kuombewa haki kama hiyo. Zisipoandika kitu, mtoto huyo hufika kwenye chumba cha mtihani bila shahidi.

Wako watakaosema kwamba bila ya wataalamu yote haya ni maneno. Ni kweli kwamba wataalamu ni wachache, na ni wajibu wa Serikali kuwaongeza, kama vile ni wajibu wake kupunguza msongamano madarasani. Mwalimu mmoja mwenye watoto mia moja hawezi kulaumiwa kwa kutomjua kila mmoja. Lakini uhaba haujawa sababu ya kukaa bure kwa majirani. Huko Zimbabwe, tangu mwaka 2006, Daktari Dixon Chibanda aliwafundisha akina bibi wa mitaani kukaa juu ya benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza wenye mawazo mengi, wakiwasaidia kuchagua tatizo moja na kulitafutia hatua moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulithibitisha kwamba waliokaa kwenye benchi hilo walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Nchini Kenya, mpango uliopewa jina la Kiswahili, Shamiri, uliwatumia vijana waliomaliza sekondari, wasio wataalamu, kuongoza makundi ya wanafunzi kwa saa moja kila wiki, muda wa wiki nne. Utafiti wa wanafunzi 413, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba huzuni na wasiwasi vilipungua. Bibi wa mtaa na kijana aliyemaliza kidato cha nne hawakosekani katika kata yoyote ya Tanzania.

Sheria nazo zipo. Iko Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Chuo cha Patandi, mkoani Arusha, kimekuwa kikiwaandaa walimu wa elimu maalumu. Linalopungua ni kwamba maneno ya sheria hayajafika kwenye dawati la nyuma, karibu na dirisha, ambako mtoto aitwaye mzito amekaa.

Ndugu wazazi nao wana sehemu yao. Mtoto akibadilika tabia, asikimbizwe kwa mganga kwanza na hospitali baadaye, wakati fedha zimekwisha na ugonjwa umekomaa. Wala asifichwe chumbani wageni wanapokuja. Mficha maradhi kifo humwumbua. Na katika jambo hili anayeumbuliwa ni mtoto, ilhali aliyeficha ni mzazi. Baba anayemwambia mwanawe kwamba mwanaume halii anamfundisha kunyamaza, na mtoto aliyefundishwa kunyamaza hatasema hata siku ambayo kusema kungemwokoa.

Mwezi Machi 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere aliilaumu elimu inayowaandaa wachache watakaochaguliwa na kuwaacha wengi wakijiona wameshindwa. Tangu mwaka 2016 ada imeondolewa katika shule za sekondari za umma hadi kidato cha nne, na tangu mwaka 2022 hadi kidato cha sita. Milango imefunguliwa, na watoto wameingia kwa mamilioni. Lakini kumfungulia mtoto mlango si sawa na kumpa nafasi ya kujifunza. Aliyeingia akakaa miaka saba akiitwa mzito, shule imemfundisha jambo moja tu, nalo ni kwamba yeye hafai. Hilo atalikumbuka muda mrefu baada ya kuisahau hesabu.

Kazi ya kesho asubuhi, basi, ni ndogo na inawezekana. Kila mwalimu atakapoingia darasani atazame dawati la nyuma, amtafute yule ambaye jina lake la kweli halitumiki tena, amwite kwa jina hilo la kweli, na amwulize polepole, pembeni, mbali na masikio ya wenzake, ni kitu gani kinachomshinda. Kisha asubiri jibu. Huenda likachelewa, kwa kuwa mtoto huyo hajazoea kuulizwa.